Neno Lililomkaba Kiboko

Ngano yaja!
— Na ije, mkeka tumetandika!
Ina miguu mingapi?
— Minne, na wa tano ni aibu!

Hapo kale Bi Digidigi aliandika hadithi za mapenzi, kwa mwiba, juu ya majani ya mgomba. Swala akisoma, anaficha chini ya chungu. Kanga akisoma, anaficha chini ya bawa. Bi Kiboko akisoma, anaficha kinywani. Wote waliona haya, na wote walinong'ona, "Shoga, jingine lini?"

Siku moja Bi Kiboko akapiga mwayo. Pwaa! Jani likamwangukia mumewe puani.

Kiboko akasoma mstari wa kwanza tu, akanguruma. "Ala! Mpenzi humu ni mimi? Tena mpole? Njooni bwawani nyote! Nitalisoma hadharani, kisha nilile, na Digidigi asinywe tena maji hapa!"

Bwawa lenyewe alilijaza peke yake kwa mwili wake. Wenzake walilamba matope.

Digidigi alitamani ardhi ipasuke immeze. Masikio yalimwaka moto. Hata hivyo akasema, "Soma, Bwana. Ila mila ni mila: msimuliaji huigiza. Au huwezi?"

"Mimi nisiweze?" Akasoma. "'Kiboko akamgeukia mkewe.'" Akageuka.

"Ikawa!" wakaitikia wanawake.

"'Akamwambia, po... po...'" Neno likamkaba. Tangu aoe hajalitamka. "'Pole na kazi, mke wangu.'"

"Rudia," akasema Bi Kiboko. "Sikusikia vizuri."

"Pole na kazi, mke wangu." Safari hii hakutazama jani. Alitazama chini.

"Ikawa!"

"'Kisha akatoka majini, akawapisha wenzake.'" Akatoka. Chwaka, chwaka! Digidigi akanywa wa kwanza. Gu-gu-gu! Wote wakanywa. Bi Kiboko akajilaza mahali pa mumewe, akajinyoosha.

Kiboko akabaki ukingoni na jani mkononi, hana hamu ya kulila.

"Bi Digidigi," akauliza polepole, "huyo mke... alimjibuje?"

"Hapo sijaandika, Bwana. Muulize mwenyewe."

Kiboko akafungua kinywa. Akakifunga. Aliona haya mno.

Ngano yangu nimeitua; mwenye mabega aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: wasichana, msiandike habari za mapenzi. Mtawaharibu viboko.