Maji Kinywani mwa Mwaluma

Paukwa!

Pakawa!

Wanaume mmeitikia kwa sauti ndogo, nimewasikia. Sogeeni mbele, hadithi ni yenu.

Zamani hizo, dini ya Kristo ikiwa bado ngeni, palikuwa na kijiji mlimani. Wazee wa kijiji hicho walikuwa na desturi. Mwenye kinyongo alijaza maji kinywani, akayapuliza nje, pfuuu! Kisha akataja kinachomuuma, watu wakisikia. Wanaume walipobatizwa, wakaitupa desturi hiyo. Wakasema, Mkristo hana hasira.

Ukimuuliza mmoja, “Una hasira?”

“Sina, Bwana asifiwe.”

Na tabasamu juu. Lakini majumbani, vyungu pwaa! Milango ndii! Mbuzi wanachechemea, na hakuna aliyewapiga!

Mwenye tabasamu pana kuliko wote alikuwa Mwaluma. Sala yake ilikuwa ndefu mpaka watoto wakasinzia. Siku moja asubuhi mkewe, Mshai, akafika kwa babake, jicho limevimba, mtoto mgongoni.

“Umeanguka?” akauliza babake, Mzee Mwandoe.

“Nimepigwa, baba.”

Huyu Mzee Mwandoe alikuwa wa kwanza kubatizwa pale kijijini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akamwambia, “Kaa.”

Jua halijapanda, Mwaluma huyo, na wanaume wawili wa kanisa, mmoja kila upande.

“Mzee, ndugu yetu ametubu. Hana hasira tena. Tumekuja kumchukua mkewe.”

Mshai akamkumbatia mtoto. Akirudi, jicho la pili je?

Mzee Mwandoe akaleta kata ya maji, akampa Mwaluma. “Mwanangu, jaza kinywa. Puliza. Useme.”

“Aa, mzee! Hayo ni ya mizimu!”

“Maji ni ya mtoni, na anayesikiliza ni Mungu. Yeye hasira yako anaijua. Wewe ndiye huijui. Puliza.”

Pfuuu! “Sina hasira.”

“Bado. Tena.”

Pfuuu! “Nina hasira na Shetani.”

“Shetani hajawahi kupikiwa uji na binti yangu. Tena!”

Mwaluma akajaza maji. Mashavu yakavimba. Akakaa. Akakaa. Macho yakawa mekundu. Wale wawili wakatazama miguu yao.

Pfuuu! “Nina hasira na kaka yangu Nyambu! Baba alimpa bonde lenye maji, mimi akanipa mawe. Miaka sita nalima mawe! Na kila Jumapili namshika mkono, nacheka naye!”

Mzee akaiweka kata chini.

“Na Mshai amekukosea nini?”

“Alisema unga umeisha.”

“Lilikuwa kosa?”

“Hapana. Ulikuwa umeisha kweli.”

Akafuta mdomo. “Basi nimesema, baba. Mshai, beba mtoto twende.”

“Haendi,” akasema mzee. “Leo umejua unachougua. Hujapona.”

Lo! Mwaluma akasimama. Ngumi ikajikunja. Wote wakaiona. Mshai akarudi nyuma, mpaka ukutani. Wale ndugu wa kanisa nao wakarudi nyuma, mashujaa hao.

Mwaluma akaitazama ngumi yake mwenyewe. Akainama, akaichukua kata bila kuambiwa. Pfuuu!

“Nina hasira na wewe, baba mkwe! Nina hasira sana!”

“Vizuri,” akasema Mzee Mwandoe, maji yakimchuruzika kidevuni. “Hiyo ndiyo hasira yako ya kwanza isiyomuumiza mtu. Sasa nenda kwa Nyambu.”

Akaenda. Walibishana na kaka yake siku tatu, kijiji kizima kikisikia. Hawakupigana. Bonde wakaligawa, si sawasawa, lakini wakaligawa.

Mshai alikaa kwa babake mpaka mavuno. Kila wiki Mwaluma alikuja, akakaa uani, akataja yaliyomkasirisha. Mengine yalikuwa ya kijinga, wakacheka. Mwishowe Mshai akarudi kwake, kwa hiari yake. Lakini mwaka mzima alikuwa na furushi la nguo limefungwa, karibu na mlango. Alipolifungua, alilifungua mwenyewe. Mwaluma hakuuliza, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumwamini, kidogo.

Funzo ni hili, wanaume wa sala ndefu: wokovu haukuzuii kukasirika. Unakutaka uitaje hasira yako kabla haijashuka mikononi.

Yangu yamekomea hapo. Anayebisha tumuulize mkewe, yeye akae nje.