Ubwabwa wa Mkutano wa Maji

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kinyonge? Haya, sawa. Hata mimi nimechoka leo, na hadithi yenyewe ni ya uchovu. Sogeeni. Watoto mbele, wakubwa kaeni popote.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na bwawa moja. Wote walikunywa hapo. Ndani ya bwawa Bi Chura alikuwa na watoto wake, viluwiluwi, weusi, wadogo, hawajaota miguu. Mtoto wa chura asiye na miguu hana pa kukimbilia. Maji yakikauka, naye amekwisha.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Bwawa likaanza kushuka. Leo limeshuka, kesho limeshuka. Bi Chura akaenda kwa mwenyekiti, Mzee Nyani.

"Shikamoo, mwenyekiti. Maji yanaisha na wanangu hawajaota miguu."

"Marahaba. Tutaitisha mkutano."

Mkutano ukaitishwa. Na kwa wanyama wale, mkutano bila ubwabwa haukuwa mkutano. Ngiri, mkulima wa mpunga, akaleta gunia lake. Chungu kikatokota, toko toko toko. Wakala. Wakashiba. Ndipo wakamgeukia Tembo.

"Wewe mkonga wako ukivuta, fuuu, bwawa zima linatikisika. Kuanzia leo utakunywa mara moja kwa siku."

Tembo akakubali. Alikuwa mpole, basi yakamkuta. Akakonda, ngozi ikamning'inia, magoti yakagongana, ko, ko, ko. Bwawa likazidi kushuka.

Bi Chura akarudi kwa mwenyekiti.

"Mzee, ni mfereji wa Ngiri. Usiku na mchana maji yanakwenda shambani, cho-cho-cho."

"Bi Chura nawe. Hayo hakuna anayeyanywa. Hayo ni ya mpunga."

"Na mpunga ni wa nani?"

"Wa mkutano. Tusipokula tutajadilije?"

Nikifika hapa huwa nakasirika. Basi tu.

Ukaitishwa mkutano mwingine. Wakala. Wakaamua kila mnyama anywe nusu kibuyu. Bwawa likashuka. Mkutano mwingine. Wakala. Wakaamua robo kibuyu. Midomo ikapasuka, ndimi zikawa nzito, na mfereji ukaendelea, cho-cho-cho. Bi Chura alisema mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akanyamaza, akawa anakaa ukingoni anawatazama wanawe. Wengine walikuwa wameanza kutokeza vijiguu vya nyuma. Zilibaki siku chache tu.

Mpunga ukaiva. Mzee Nyani akaitisha mkutano mkubwa kuliko yote, wa kupongezana.

"Ndugu zangu, tumejibana. Mimi tangu asubuhi sijagusa tone la maji."

Alisema hivyo shavu limejaa ubwabwa. Wakampigia makofi, pa, pa, pa. Masinia yakaja yamejaa, yakaondoka matupu.

Ubwabwa bila mchuzi huleta kiu. Wakashuka bwawani kunywa ile robo yao. Wakakuta tope. Katikati ya tope Bi Chura ameketi, na mbele yake wanawe wamelala, hawachezi.

Nyani akavua kofia.

"Pole sana, Bi Chura. Nani kafanya hivi?"

"Mmewala nyinyi."

"Sisi? Sisi hatuli vyura."

"Mmekula maji yao. Yalikuwa kwenye masinia."

Tembo akakaa chini taratibu, akalia. Ngiri akakimbia kwenda kuziba mfereji. Akaukuta mkavu.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, maana yake ni hii. Maji tunayokunywa ni kidogo. Mengi tunayala: kwenye wali, kwenye nyama, kwenye sukari ya chai. Mengine tunayavaa, maana hata shati la pamba lilikunywa kwanza shambani. Ukitaka kujua nani kamaliza maji, usitazame kibuyu chake peke yake. Tazama na sahani yake, kisha utazame na yako.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye tope. Mimi niacheni nipumzike.