Hita ya Nyumba ya Jafeti

Mwezi wa Julai, baridi ya Sumbawanga huuma kama msumeno, na mwenye maji ya moto bafuni hujiona mfalme. Mzee Zenon, mkulima wa ulezi kutoka Matai, hakuyajua mambo hayo. Kwake maji yalichemkia mafigani. Alikuwa amekuja mjini kumtembelea binti yake Bertilla, na kinyongo kilikuwa bado hakijamtoka moyoni. Alitaka binti asomee uuguzi. Binti akachagua chuo cha ufundi, na kijijini wakamcheka mzee hadi akakosa pa kuuweka uso.

Asubuhi hiyo Bertilla, sasa fundi, aliitwa kutazama hita, tangi la umeme la kuchemshia maji, kwa Jafeti, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya. Zenon akafuatana naye. Walimkuta Jafeti uani pamoja na mkewe Sekela, aliyebeba mtoto mchanga mgongoni. Bafuni, tangi la hita lilinguruma ukutani, na bomba lilitema mvuke.

Bertilla hakuligusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu, akazima umeme, kisha akawatoa watu wote nje.

"Fundi, mama yangu amefika jana kutoka Tukuyu na hajaoga," alisema Jafeti. "Washa tu, utatengeneza kesho."

"Siwashi, kaka. Hili likipasuka linabomoa ukuta."

"Mbona lilikuwa likidondosha maji kidogo tu, fundi mwingine akaliziba? Mwezi mzima lilitulia, hadi leo."

"Alichokiziba ni valvu ya usalama. Maji yakizidi moto, presha hutokea pale. Sasa haina pa kutokea."

Jafeti alikunja uso. "Basi nitamwita yule yule."

Zenon alitamani kumwambia binti yake alegeze kamba, maana mteja akiondoka huondoka na wenzake. Lakini Bertilla alikaa juu ya sanduku lake la vifaa, mlangoni pa bafu.

"Mwite, kaka. Ila mimi sitoki hapa mpaka lipoe."

Walisubiri saa nyingi. Tangi lilipopoa, Bertilla alifungua valvu, akachomoa kipande cha mti kilichogongomelewa ndani pamoja na mpira wa baiskeli. Kisha akafungua kifuniko cha chini, akaonyesha kifaa cha kuzima umeme maji yanapopata moto wa kutosha. Kilikuwa kimeungua, kwa hiyo umeme haukukatika kamwe. Jafeti alikishika kile kipande cha mti, akamtazama mtoto mgongoni mwa mkewe.

Bertilla alifunga vifaa vipya kutoka sandukuni, akasafisha ukoko wa chokaa tangini, akakaza waya wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, akalitoa bomba la valvu hadi nje ya ukuta.

"Dada," alimwambia Sekela, "kila mwezi inua huu mkono wa valvu kidogo, maji yatoke, ili valvu isikwame. Kila mwaka uite fundi. Ukiona linadondosha mfululizo, zima, usizibe."

Alasiri ile bibi wa Tukuyu alioga, akatoka bafuni akiimba. Jafeti hakutulia. Aliwagongea majirani, na katika nyumba saba za ua ule zikapatikana hita nyingine mbili zilizozibwa vilevile. Bertilla alizizima zote mbili kabla jua halijazama. Majirani wakakusanyika uani, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba hita za ua mzima ziwe mikononi mwake.

"Nilitaka kumfukuza," Jafeti aliwaambia mbele ya wote. "Yeye akakaa mlangoni kutulinda."

Bertilla aliinama kukusanya spana zake, macho yamejaa machozi. Zenon alimtangulia kuliinua lile sanduku zito, akaliweka begani.

Jirani mmoja akamsogelea. "Shikamoo mzee. Wewe ni msaidizi wake?"

"Marahaba," alijibu Zenon, kifua mbele. "Mimi ni baba wa fundi."

Ama kweli, chanda chema huvikwa pete.