Kutu ya Mdomoni

Kutu ya mdomoni haili unywele. Ndivyo alivyowaambia yule msusi, sivyo? Eliaika kaenda saluni kutaka nywele zake za kahawia zipakwe rangi nyeusi, msusi kaziangalia, kasema neno hilo, kisha karudisha kopo la rangi kabatini. Nanyi mmerudi kwangu mnabishana kutu imefikaje mdomoni, na nani amewahi kuona kutu ikila nywele. Haya, sogeeni. Endeleeni kuchambua maharage huku mnasikiliza. Neno hilo lilizaliwa huku huku kwetu milimani Upare, nyumbani kwa mhunzi aliyeitwa Semvua.

Semvua alifua majembe, miundu na visu. Mkewe, Namcheja, alimzalia watoto wa kiume wenye nywele nyeusi kama mkaa wa baba yao. Kisha akazaliwa binti, Nakunda, na huyo nywele zake zikatoka vingine. Siku ya kwanza kumwogesha, mkunga alidhani ni damu haijatakata. Akaosha, akaosha tena, mwishowe akamkabidhi mama mtoto wake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama mkwe alisema mtoto ana njaa, maziwa ya Namcheja ni maji matupu. Wakamlisha. Maziwa ya ng'ombe, ndizi, maharage, maini ya mbuzi yalipopatikana. Mtoto akanona mpaka mikono ikaingia mikunjo, na nywele zikabaki zile zile. Mama mkwe akabadili: basi mama alikula kitu cha mwiko alipokuwa mjamzito. Namcheja alikaa akijiuliza alikula nini. Hakukumbuka kitu, na kwa kuwa hakukumbuka, akaogopa kwamba pengine ni kweli.

Watoto wenzake hawakuwa na haja ya sababu. Baba yake mhunzi, nywele zake mwenyewe nyekundu, jina likapatikana lenyewe: Kutu. "Kutu, usikae karibu na jembe la baba, utalila!" Wakicheka, naye Nakunda alicheka nao, kwa sababu alikuwa hajajua bado kama ni utani au ni tusi. Mwingine alimwita Ndevu za Mahindi. Mwingine, Majani ya Kiangazi. Jioni alikuwa akimwuliza mama yake, "Mama, kwani nywele zangu ni rangi gani hasa?" Mama alikuwa akimjibu, "Lala, mwanangu."

Kilichomchanganya zaidi kilitokea sokoni, kule chini tambarare. Namcheja alikuwa amemfunga kitambaa, lakini jua lilikuwa kali, mtoto akakivua. Akatokea kijana wa Kimasai, kichwa chake kimepakwa udongo mwekundu na mafuta, kinang'aa. Akasimama mbele ya Nakunda, akamtazama kwa makini, akamwuliza mama kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Udongo huu umenunua kwa nani? Wangu haushiki hivi."

"Si udongo," akasema Namcheja kwa aibu. "Ndivyo alivyozaliwa."

Yule kijana aligusa ncha ya unywele mmoja, akatazama kidole chake, hakuona rangi. Akatingisha kichwa kwa mshangao, akaenda zake akigeuka nyuma.

Nakunda alipanda mlima akiwaza. Huku juu wanamcheka kwa kuwa na wekundu huo, kule chini mtu anautafuta sokoni aupake. Nani aliyekosea? Kama yule kijana ndiye mwenye akili, mbona mama alimjibu kwa aibu? Na kama wa huku juu ndio wenye akili, mbona yule kijana alikuwa mzuri vile? Mtoto asiyepata jibu hushika lililo karibu. Alipofika nyumbani alichukua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akajipaka kichwa kizima.

Tangu hapo akawa hatoki bila masizi. Watu wakaanza kusahau. Kisha siku moja, watu wamejaa kwenye mfereji wakigawana maji ya mashamba, mvua ikashuka ghafla. Masizi yakamtiririka usoni, shingoni, mpaka kwenye nguo. Wengine walipiga kelele wakidhani ni ugonjwa. Wengine walianguka kwa kicheko. Nakunda alisimama palepale, hajui akimbilie wapi, maana nyumbani alikotaka kwenda ndiko masizi yaliko.

Katika watu waliokuwa pale alikuwapo Mrutu, mzee mwenye mashamba mengi na sauti kubwa. Huyo hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kesho yake alifika kwenye kiwanda cha Semvua na watu nyuma yake. Mkononi alishika jembe lililokatika.

"Semvua," alisema, "jembe hili nililichukua kwako. Tazama. Limeliwa. Nimejiuliza sana kwa nini, jana nikapata jawabu. Unafuaje chuma katika nyumba yenye kutu?"

Semvua alilipokea lile jembe bila kulitazama. "Mzee wangu, sijakuelewa."

"Binti yako. Kama si kutu, mbona mnaificha kwa masizi? Mnyoeni, nywele zizikwe mbali, au aende akakae kwa wajomba zake. La sivyo, hakuna atakayechukua tena chuma kwako. Nawaambia hawa wote wanisikie."

Watu walitazama chini. Semvua naye alitazama chini. Alikuwa na watoto wa kulisha, na hakujua mtu hujitetea vipi kwa jambo ambalo halina kichwa wala miguu. Akaita, "Namcheja, lete wembe."

Namcheja alilia, lakini alileta. Nakunda akaketi juu ya gogo. Hakubisha. Alisema tu, "Baba, ukinyoa na zikaota tena?" Semvua aliunoa wembe. Akaanza upande wa kulia. Nywele zikaanguka juu ya vumbi la mkaa, na hata waliokuja na Mrutu wakawa wanazitazama, kwa maana pale chini, juu ya weusi ule, ziliwaka.

Kichwa kilikuwa kimefika nusu, ndipo akaja Nanzia, mke wa Mrutu, mwanamke mtu mzima, akihema kwa kupanda. Alikuwa amesikia njiani. Akamwamkia Semvua, kisha akageukia lile jembe.

"Baba Sefue," alimwambia mumewe, "hili si lile ulilolisahau kwenye tope la mfereji, masika nzima?"

Mrutu alikohoa. "Mama Sefue, haya ni mambo ya wanaume."

"Kulitafuta tulilitafuta wote. Nililiokota mimi mwenyewe, limevimba kutu, nikakwambia halifai. Ukasema litafaa." Akamtazama Nakunda, nusu kichwa kitupu, nusu kinawaka. Sauti yake ikapungua. "Mume wangu, kutu ya jembe ilitoka kwenye tope lako. Ya mtoto huyu imetoka mdomoni mwako. Na kutu ya mdomoni haili unywele. Inakula watu."

Semvua ndipo alipolitazama lile jembe, akalikwaruza kwa ukucha, akalirudisha kwa mwenyewe. Mrutu alilipokea, akatelemka mlima peke yake.

Namcheja aliuchukua wembe kwa mumewe. "Nimalizie zilingane?" alimwuliza bintiye. "Au tuache?"

"Sijui," akasema Nakunda. Alijigusa upande mtupu, akajigusa upande wenye nywele. Nadhani alikuwa akitafuta ndani yake mtu wa kumwambia la kufanya, akawa hamwoni. Mwisho akasema, "Acha. Hizi zilizobaki ni zangu. Na hizo nyingine zitakuja."

Akatembea hivyo hivyo, nusu na nusu, mpaka zilipoota. Alikwenda mferejini, alikwenda sokoni, bila kitambaa wala masizi. Wapo walioendelea kumwita Kutu. Mwanzoni aliumia, baadaye alikuwa akisimama na kuwauliza, kwa upole kabisa, "Imekula nini?" Akaolewa, akazeeka, na nywele zake zilipokuwa nyeupe zote, wajukuu walikataa kuamini kwamba ziliwahi kuwa nyingine.

Unauliza nini, Eliaika? Zilikuwa nyekundu au kahawia? Mjukuu wangu, hapo mimi mwenyewe huchanganyikiwa. Bibi yangu alisema zilikuwa kama moto wa jioni, dada yake alisema kama asali mbichi, na waligombana juu ya hilo mpaka wakafa. Lakini wote wawili walikuwa wakimsifu, na yeye hakuwapo kuwasikia.

Basi na zako ziache zibishaniwe. Kutu ya mdomoni haili unywele.