Unyayo Mwekundu wa Sultani Zubeiri

Hapo zamani palikuwa na mfinyanzi fukara, jina lake Shaweji, aliyewahi kupika katika meli za Wajapani. Basi akaitwa jumbani amfundishe Sultani Zubeiri Kijapani cha heshima, maana mjumbe wa Japani alikuwa njiani. Akamweleza kwamba waungwana wa kule hawakatai jambo zima kwa pigo moja. Husema si lote, si wote, si kila mara, na kilichobaki wakakiacha kisimame. Sultani akapiga miayo, akasema huo ni usemi wa waoga.

Ikawa siku ile ile birika la fedha likapotea, na penye kabati pakaonekana alama ya udongo mwekundu, ambao hupatikana mtaa wa wafinyanzi peke yake. Sultani akaamuru kwamba kila mwenye udongo ule miguuni ni mwizi, ahame kabla ya magharibi. Shaweji, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, akasihi iandikwe kuwa si wote.

"Nionyeshe mmoja," akasema Sultani, "mwenye udongo huo, ambaye Waziri wangu atakiri si mwizi. Ukishindwa, utatangulia kuhama."

Waziri akatabasamu, kwani hakuwa na nia ya kumtetea mfinyanzi yeyote.

Sasa, desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba mfalme afukuzaye watu husoma amri kwa kinywa chake, pekupeku, juu ya ardhi anayowanyang'anya, apate kuihisi. Na mvua ilikuwa imenyesha. Sultani akasoma hadi mwisho, tope jekundu limemfika vifundoni. Shaweji akapiga magoti, akaitazama ile miguu kwa muda, kisha akamgeukia Waziri kwa upole.

"Mheshimiwa, mimi namwona mmoja, nami naapa si mwizi. Wewe wasemaje?"

Waziri naye akaitazama miguu ya bwana wake.

"Mjibu," akasema Sultani. "Hata mimi nataka kusikia."

"Si wote, bwana wangu," Waziri akanong'ona.

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaichana amri, akaagiza atafutwe mwizi mmoja wa birika moja. Shaweji akaleta maji, akamwosha mguu wa kulia, akasimama.

"Na huu mwingine?" akauliza Sultani.

"Si pote ulipokosea, bwana wangu. Birika kweli limeibwa."

Basi Sultani akarudi jumbani na unyayo mmoja mwekundu, wala hakuna mtu mjini aliyethubutu kumwuliza.