Bega la Byabato

Mtu mmoja aliyeitwa Byabato alikuwa na mke na shamba la migomba, ila hakuwa na ukoo. Alikuwa mhamiaji, na mlima aliohamia gari haliufikii. Mgonjwa wa kule hubebwa kwa machela, ashushwe bondeni, avushwe kinamasi, ndipo apandishwe tena hadi hospitali. Ndiyo maana watu wa mlima walikuwa na chama cha machela. Kila nyumba ilitoa bega la kubeba na zamu ya kungoja wagonjwa kwenye banda la machela, na kila msimu mkungu wa ndizi wa kulisha wabebaji na kununulia kamba. Byabato alitoa mkungu wake bila kunung'unika. Na bega lake, mtu asikudanganye, lilikuwa bega! Kwenye kinamasi yeye ndiye aliyeshika mbele.

Lakini chama kile kilikuwa na roho mbaya. Kilichagua watu. Mjane mmoja, Kemilembe, mwenye mtoto wa kifafa, alibisha hodi miaka nenda miaka rudi, wakamjibu kwamba atawachosha. Loo! Kana kwamba machela ilichongwa kwa ajili ya wazima. Mwishowe watu wakaona haya. Wakakaa, wakaitengeneza sheria upya: asikataliwe mtu, awe mzee, awe na kifafa, na machela iwe na godoro na paa, na wabebaji wa kupokezana. Kemilembe alilia kwa furaha, na Byabato akafurahi naye, maana hakuwa mtu wa kijicho. Sheria ilikuwa njema. Narudia, ilikuwa njema.

Basi wagonjwa wakaongezeka, na mchango nao ukapanda. Mkungu mmoja ukawa mitatu, kisha mitano. Wenye ukoo hawakuusikia uzito. Huyu alitoa mkungu, yule mkungu, mambo yakaisha. Mafukara walisamehewa, na ilikuwa haki. Byabato hakuwa na ukoo wa kuchangia naye, wala hakuwa fukara wa kusamehewa. Migomba yake ilizidi kidogo tu kipimo kilichowekwa. Alikwenda kwa wakubwa wa chama akawaambia mzigo umemwelemea. Wakamsikiliza kwa upole, wakampa kahawa ya kutafuna, wakamwomba avumilie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msimu ule yeye na mkewe, Kokugonza, walikula mihogo, huku ndizi zao zikipita mlangoni kwenda kwenye chama.

Msimu uliofuata alijitazama, akamtazama na mkewe: wazima wote wawili, hata homa hawaijui. Akajitoa. Kokugonza hakupenda, alimwambia ugonjwa haupigi hodi. Byabato akasema ni msimu mmoja tu, wapumue. Wahamiaji wengine, vijana wenye nguvu wasio na ukoo kama yeye, wakaona ametoka, nao wakatoka. Mchango wa waliobaki ukapanda tena, na hao nao wakaanza kupungua. Hakuna aliyefanya hila. Kila mmoja alikuwa akiokoa chungu chake.

Masika yalipoanza, mimba ya Kokugonza ilikuwa imetimia, akashikwa na uchungu wa uzazi, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Byabato alikimbia hadi kwenye banda la machela, amejiandaa kupiga magoti, maana alijua hana haki tena pale. Hawakumkataa. Kemilembe, ambaye sasa ndiye aliyetunza ufunguo, alifungua mlango. Godoro lilikuwa safi, paa limekazwa vizuri. Waliokuwa zamu ni wazee na akina mama. Vijana, kwa kuwa hawakuwa tena na zamu ya kungoja, walikuwa wametawanyika kwenye vibarua vya chai huko mbali. Kemilembe akamtazama, machozi yakimlengalenga.

"Machela ipo, ndugu yangu," alisema. "Mabega ndiyo hayapo."

Walijaribu, Mungu anajua walijaribu. Kemilembe mwenyewe alibeba. Byabato alishika mbele, mahali pake pa zamani. Kwenye kinamasi wazee wakazama hadi magotini, wakawa wanasimama kila mara kutafuta pumzi, na mvua ilikuwa haikatiki. Kokugonza alifia pale, chini ya lile paa zuri, na mtoto hakuzaliwa.

Watu wa mlima husema Byabato alimwua mkewe kwa uchoyo wa ndizi. Yeye mwenyewe anaamini hivyo, maskini, na hana tena wa kumpikia hiyo mihogo. Mimi ulimi wangu hauwezi kumhukumu peke yake. Niambieni nyinyi mnaogawa mizigo ya watu: mlipofungua mlango ili mgonjwa aingie, na mkafanya vyema, ni nani kati yenu aliyegeuka kutazama bega lililokuwa likitokea mlango wa nyuma, limechubuka?