Fundi wa Lifti Aliyefaulu Kiingereza

Wapendwa, huko Uchina kulikuwa na fundi mmoja wa lifti, mtu mzima, mwenye kitambi cha heshima kama hiki changu. Lifti ya hospitali ya mji wao aliijua kwa mlio tu. Lakini cheo cha msimamizi kilitaka shahada, na shahada ilitaka mtihani wa Kiingereza: unapewa habari ya ukurasa mzima uisome, kisha maswali matano, kila swali na majibu manne ya kuchagua.

Akajiunga na darasa la watu wazima, kila Jumapili. Ndiyo, Jumapili. Msinitazame hivyo, hata hapa naona viti vitupu. Wenzake, akina baba wenye mvi na akina mama wa madukani, wakamrithisha kanuni yao: majibu matatu yakiwa marefu na moja fupi, chagua lile fupi. Matatu yakiwa mafupi na moja refu, chagua refu. Ukikwama kabisa, weka C.

Siku moja mwalimu wao, mama mpole wa miwani, akasimama kando ya dawati la fundi.

"Baba, habari hii inamhusu nani?"

"Jibu ni C, mwalimu."

"Sijakuuliza jibu. Inamhusu nani?"

"Mwalimu, mimi huko juu sijafika. Nimeanzia kwenye maswali."

Darasa likacheka. Mwalimu akaitazama karatasi, na C ilikuwa sahihi. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Akafaulu. Akapata shahada, akapata cheo. Mwezi wa pili wa cheo hicho, hospitali ikang'oa lifti ya zamani, ikafungiwa mpya, na kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kiingereza kitupu. Asubuhi ya kwanza taa ya njano ikawaka, haizimi. Mganga mkuu akafika na wagonjwa wawili vitandani, wanasubiriwa kwa upasuaji ghorofa ya saba.

"Msimamizi, taa hii inasemaje? Tuwapandishe?"

Fundi akafunua kitabu, mwanzo mpaka mwisho. Akakigeuza, akatazama nyuma.

"Unatafuta nini?"

"Maswali, mkuu. Hakina maswali."

Mnacheka. Chekeni tu, nimewaachia nafasi.

Fundi akakifunga kitabu, akasimama mlangoni mwa lifti. "Mkuu, mimi nilifaulu, lakini kusoma sikujifunza. Sijui kama ni salama. Hapandi mtu."

Wagonjwa wakabebwa kwa ngazi, ghorofa saba, fundi mwenyewe ameshika upande wa mbele, jasho linamtiririka. Wiki haikuisha, cheo wakampa mwingine.

Sasa ndugu zangu, sisi Neno tunalisomaje? Tunaanzia juu? Tunalifungua tukiwa na ugomvi na shemeji, tunatafuta mstari wa kumchapa nao. Tukiupata, tunafunga. Mistari tunayo, tumefaulu, tunaitwa wazee wa kanisa, mimi nikiwa wa kwanza. Kisha anakuja binti, jicho limevimba, anauliza taratibu: "Baba mchungaji, nirudi kwa mume wangu? Ni salama?"

Nasi, ambao hatujamaliza hata ukurasa mmoja, tunamjibu bila kupepesa macho: "Rudi, mwanangu. Mke mwema huvumilia."

Yule fundi hakujua, akasema sijui, akapoteza cheo. Sisi vyeo vyetu tunavyo mpaka leo. Yule binti, tumempandisha kwenye lifti gani?